Siku Sita za Shimoni

Rubisi haina subira na haina huruma. Ukiiwahi, unakunywa maji ya ndizi ya kumpa mtoto. Ukiichelewa, ni siki ya kutilia kachumbari. Siku yake ni moja tu, na Bibi Prudencia wa Kisesa alikuwa akiipata siku hiyo bila kukosa tangu alipohamia pale na mumewe kutoka Kamachumu, nchi ya Wahaya, bado msichana, na mzigo wao mkubwa ukiwa mtumbwi wa kukamulia ndizi. Watu wa Kisesa wengi ni Wasukuma na pombe yao ni ya mtama, lakini rubisi, pombe ya ndizi, waliijua kwake. Mtu akisema "ya Prudencia", mwenzake haulizi ya nini.

Sasa mwaka huu, tangu Kwaresma, hakuwa amepika hata mara moja. Aliyemuuliza alijibiwa magoti. Uongo mtupu, magoti yalikuwa mazima. Kilichokufa ni pua. Mafua yalimlaza wiki tatu, na yalipoondoka yalibeba harufu zote, kama mgeni anayeondoka na mashuka. Siku moja maharage yaliungua jikoni mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji, kumbe mwenyewe ameketi hatua mbili kutoka kwenye moto anachambua mchele, ametulia kama yuko kanisani. Hakumwambia mtu. Kwani mpika rubisi ni nani bila pua? Pua ndiyo inayomwambia ndizi zimeiva shimoni. Pua ndiyo inayomwambia mtama umekaangika. Ulimi wake ulibaki unajua tamu na chachu, basi.

Ndipo ikaja sherehe ya kumuaga mjukuu wake wa kwanza, Eugenia, mtoto wa binti yake, anayeolewa Magu. Shemeji yake Byabato, kaka wa marehemu mumewe, akapiga simu kutoka Bukoba.

"Shemeji, wewe uguza magoti yako. Rubisi nitaagiza huku, madumu yatakuja na meli."

"Meli?" akasema Bibi Prudencia. "Mjukuu wangu aagwe na pombe iliyosafiri kama nguo za mitumba? Nitapika mimi."

Akakata simu. Kisha akakaa kitako akajiuliza atapika kwa pua ya nani.

Alikuwa na mkamwana mmoja, Kija, mke wa mwanawe Antoni. Kija ni Msukuma, mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi kule Nyamagana, na dukani kwake hakuna msumari usio na mahali pake kwenye Ekseli. Miaka miwili nyuma alikuwa ameifungulia rubisi ya mama mkwe jedwali lake. Bibi Prudencia alicheka mpaka machozi. "Mwanangu, misumari imekwisha, sasa unahesabu ulevi?" Lakini kila alipopika, alijibu alichoulizwa, na Kija akaandika. Kila upishi ulikuwa na mstari wake: mikungu mingapi, mtama sado ngapi na umekaangwa dakika ngapi, maji madumu mangapi, mvua au jua, tarehe ya kuzika ndizi, tarehe ya kuzifukua kwa hesabu ya jedwali, tarehe zilipofukuliwa kweli, na mwisho kabisa ladha, kama walivyosema majirani. Tena Kija alikuwa amelifundisha kurudi nyuma: unaliandikia siku ya sherehe, lenyewe linakuambia siku ya kuzika.

Jioni ya simu ile, Kija aliporudi kazini, Bibi Prudencia alimkaribisha chai, kisha akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Mlinzi wangu yupo mlangoni, lakini wezi wanaingia na kutoka hana habari."

"Kufuli bovu."

"Hata."

"Mbwa wa mzee Masalu."

"Yule angalau hupiga miayo. Umeshindwa, nipe mji."

"Haya, chukua Bukoba."

"Bukoba nilikwenda, nikala senene, nikalala kwenye godoro nene, wenyeji wakanisindikiza mpaka barabarani. Jibu ni pua yangu."

Kija alianza kucheka, akaishia katikati. "Tangu lini, mama?"

"Kwaresma."

"Kumbe yale maharage."

"Yale maharage."

Kija hakusema pole. Bibi Prudencia alimpenda kwa hilo. Alivuta mkoba, akatoa laptopu, akaifungua mezani kati ya vikombe. "Mapishi kumi na manne," alisema. "Yote uliyanusa mwenyewe, na yote yamo humu. Tutapika kwa haya." Akaandika siku ya sherehe, Jumamosi. Jedwali likajibu: kukamua na kutia mtama, Ijumaa; kuzika ndizi, Jumamosi ya wiki inayotangulia.

Ndizi zilifika Ijumaa jioni. Antoni alizileta na lori kutoka Muleba, na tangu daraja la Kigongo lifunguliwe, safari ile haina tena kulala foleni ya kivuko. Mbele, kwenye kiti cha abiria, alikuwa Byabato mwenyewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, amekuja wiki nzima kabla ya sherehe ili, kama alivyosema, awepo.

"Shikamoo, baba mkubwa," Kija alimpokea.

"Marahaba, mama. Hizo ni ndizi za shamba langu, mzibebe kama mayai. Ninyi wenzetu mmezoea ng'ombe, anayejibeba mwenyewe."

"Ni kweli, baba. Na ng'ombe wetu hasemi njia nzima kwamba amesoma."

Antoni alijificha nyuma ya lori ili acheke vizuri.

Jumamosi asubuhi shimo lilikuwa tayari, limetandikwa majani makavu ya mgomba. Wanaume walikuwa wakimalizia uji. Bibi Prudencia alivaa miwani, akaipakata laptopu, akataka kuangalia dakika za kukaanga mtama. Alisoma darasa la saba tu, lakini la saba la zamani, lile la kukariri jedwali la kuzidisha huku mwalimu amesimama nyuma yako. Akateremka na kidole mstari kwa mstari. Dakika kumi na nane. Kumi na nane. Kumi na saba, siku ya upepo. Kisha kidole kikateleza hadi safu ya pembeni, ambayo hakuwahi kuisoma, mahali Kija anapoandika maoni. *Mama kafukua mapema.* Mstari wa chini: *Mama kafukua mapema.* Wa chini yake hivyo hivyo, mpaka mwisho.

Kwanza alikasirika. Kumbe miaka miwili mkamwana anamwandika kuwa ana pupa. Halafu akaangalia safu ya ladha. Safi. Safi. Safi sana. Safi, wamemaliza mapema. Akarudi kwenye tarehe. Jedwali lilisema Ijumaa, yeye kafukua Alhamisi. Lilisema Jumanne, kafukua Jumatatu. Siku moja, kila mara siku moja, si mbili wala nusu. Mtu wa pupa, alijiambia, leo huwahi siku moja, kesho huwahi tatu. Anayewahi mara kumi na nne kwa kipimo kilekile, na mara kumi na nne watu wakalamba vibuyu, huyo hajawahi. Huyo amefika.

"Kija," aliita. "Siku ile ya kwanza uliniuliza nini kuhusu shimo?"

"Nilikuuliza ndizi zinakaa siku ngapi, ukasema sita. Nikaandika toa sita."

"Sita ni pamoja na ya kuzika."

Kija alisimama na bakuli la uji mkononi. Midomo yake ilisogea bila sauti. Alikuja, akainama, akapitisha macho kwenye safu zote mbili za tarehe kutoka juu hadi chini, akakaa kwenye mkeka. "Kosa ni langu," alisema taratibu. "Miaka miwili jedwali linakosea, pua yako inalisahihisha, na mimi namwandika mama."

"Basi ndizi zinazikwa kesho."

Byabato aliweka kijiko chini. "Mmesema nini? Kufukua ni Ijumaa. Ijumaa kutoa sita ni Jumamosi. Leo."

"Shemeji, Bwana alisulubiwa siku gani?"

"Ijumaa."

"Akafufuka siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ambayo ni Jumapili. Sasa wewe toa tatu kutoka Jumapili, uone kama utamsulubisha Ijumaa au Alhamisi."

Antoni alikohoa uji. Byabato alimwangalia, akamwangalia shemeji yake. "Hiyo ni imani. Hii ni hesabu."

"Na bibi zetu waliotufundisha rubisi walihesabu kwa hesabu gani? Siku uliyoanza nayo ni siku. Jua lake umeliona, jasho lake umelitoa. Utaitupa wapi?"

"Kwani tabu ya nini? Zika leo. Pua yako si ipo? Zikikuita mapema, utafukua mapema kama ulivyozoea."

Kija aliangalia pembeni. Bibi Prudencia alivua miwani akaifuta, apate muda. "Zile zilikuwa za majirani, wananywa siku yoyote. Hizi zikiniita Alhamisi," alisema, "nizikamue Alhamisi, wageni waje Jumamosi wakute siki? Au nizingoje shimoni zilainike, tukamue tupate uji badala ya maji?"

Byabato alitoa simu mfukoni. "Sikiliza. Vijana Bukoba wana mikungu tayari. Nikiwaambia sasa, wataanza, na mwisho wa wiki madumu yanapanda meli. Nikisubiri mpaka kesho, sina tena la kukusaidia. Ukoo mzima unakuja, na wakwe. Ukikosea, ni mbele yao. Sema neno moja tu."

Ndizi zilikuwa pale chini, za kijani, ngumu kama kuni. Hazikuwa na la kumwambia. Zingekuwa nalo, asingesikia. Alikuwa na kidole chake, safu mbili za tarehe na bibi yake aliyelala Kamachumu.

"Neno ni kesho," alisema. "Baada ya misa."

Wakazika Jumapili mchana, jua kali, Byabato amekaa kivulini anatikisa kichwa.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kila asubuhi Bibi Prudencia alipita shimoni, akainama kama zamani, akainuka bila kitu. Lakini alikuwa na masikio, na Byabato hakujua kunyamaza. Jumatano mzee alizunguka shimo akasema, "Bado kabisa, nilikuambia." Bibi Prudencia alikwenda zake jikoni akaimba kidogo. Alhamisi alisema, "Kuna kaharufu, lakini kwa mbali." Bibi akaimba wimbo mzima.

Ijumaa alfajiri, kabla mtu hajasema lolote, aliwakuta nyuki. Walikuwa wamejipanga kwenye ufa mdogo wa udongo, wanagombania mlango. Alimwita Antoni alete jembe. Walipofunua majani, ndizi zilikuwa zimevaa manjano mwili mzima, na vidoadoa vya kahawia hapa na pale. Alichukua moja, akaibonyeza karibu na kikonyo. Ganda lilitoka lenyewe, nyama ikabaki imesimama.

Byabato alivuta pumzi ndefu puani. Alikunja suruali mpaka magotini, akanawa miguu, akaingia kwenye mtumbwi pamoja na Antoni, wakazikanyaga ndizi na nyasi zake mpaka maji yakatoka meupe mepesi, yakateremka kama yameitwa. Mtama ulikaangwa dakika kumi na nane. Kija alishika simu yenye saa, mama mkwe akashika mwiko. Ukasagwa, ukatiwa, mtumbwi ukafunikwa majani na blanketi.

Jumamosi alasiri turubai lilikuwa limejaa. Wakwe kutoka Magu walikaa upande wao, ukoo wa Kagera upande wao, Eugenia katikati amependeza mpaka wajomba wanajifanya mavumbi yamewaingia machoni. Kwa umri wake, kibuyu cha kwanza kilikuwa cha Byabato. Alipewa na mrija. Alinyonya, akatulia. Akanyonya tena, kirefu. Watu wakamtazama.

"Prudencia," alisema, "hii uliinusa saa ngapi ukajua iko tayari?"

Angeweza kusema lolote. Alisimama.

"Sikuinusa, shemeji. Pua yangu imekufa tangu Kwaresma. Hata maua haya ya Eugenia kwangu ni karatasi. Nimepika kwa macho na vidole, na kwa hesabu alizoziandika mkamwana wangu. Palipokosewa, nilisahihisha mwenyewe."

Kija alikuwa ameshika sinia la nyama na hakujua pa kuliweka.

Byabato aliufuta mrija kwa leso, bila haraka. "Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimeinywa." Akanyoosha kibuyu, kitupu, kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa. "Niongeze. Na wewe Kija, hilo jedwali nitalitaka kwenye simu yangu."

"Nitakutumia, baba mkubwa. Lile lililosahihishwa."

Kicheko kilianzia kwa wakwe, kikavuka upande wa pili. Kata la kugawia alikuwa nalo mmoja wa vijana; Bibi Prudencia alilichukua mkononi mwake, akaketi kwenye kigoda kando ya mtungi. Hakutaka mtu mwingine agawe. Walikuja mmoja mmoja, Wasukuma na Wahaya, wanainama na vibuyu vyao, naye anamjazia kila mmoja mpaka ukingoni, mgongo umenyooka, macho makavu, akiangalia sura zao wakati wa funda la kwanza.