Waya Chini ya Shanga

Ng'ombe wangu Nanyokie alionyesha dalili za joto asubuhi, baada ya kupandishwa mara mbili bila kushika mimba. Kwa kuwa simu ya Katee, mhudumu wa mifugo, haikupokewa, nilisafiri mwenyewe kutoka Kajiado hadi Kitengela kumchukua. Ilitupasa kurejea kabla ya jioni, la sivyo joto lingepoa na nafasi ingepotea tena.

Katee alikuwa amekwisha kuusimamisha mtungi wa mbegu za fahali pale mbele ya kiti cha skuta yake, mahali pa kuwekea miguu. Pikipiki ya kawaida haina nafasi hiyo. Akabana breki ya kulia kama kawaida yake, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya.

"Jana iliwaka vizuri, Mzee!" alilalamika.

Tukaisukuma hadi karakana ambamo mjukuu wangu Resian hutengeneza umeme wa pikipiki. Alificha mikono yenye grisi nyuma ya mgongo, akainamisha kichwa, nami nikamgusa utosi kwa kiganja, kama ipasavyo.

"Anza na betri," nikamwagiza. "Kisha fyuzi, kisha kila waya kwa zamu yake. Kazi ina utaratibu."

"Babu, huo utaratibu utatufikisha kesho. Daktari, piga honi."

Honi ikalia kwa nguvu, wateja wakageuka.

"Basi betri na fyuzi tumezimaliza."

"Bila kuzigusa?" niliuliza kwa ukali.

"Zimejibu zenyewe. Sasa, skuta haiwaki mpaka breki ibanwe. Simama nyuma, Babu, uangalie taa nyekundu."

Nilisimama kama askari wa zamu. Akabana breki ya kulia.

"Giza!" nikatangaza.

Akabana ya kushoto. Taa ikaangaza. "Inawaka! Inawaka, Resian!"

Akabonyeza kitufe, injini ikanguruma. Katee alirukia kiti.

"Twende! Hiyo ya kulia unganisha tu nyaya zake pamoja, mambo yaishe."

"Niziunganishe, taa iwake saa zote, lori la nyuma lisijue unasimama lini? Hapana. Zima, daktari."

Macho ya Resian yalikuwa yameshatua kwenye mpini wa kulia. Ulikuwa umevikwa shanga, zawadi ya akina mama wa boma moja karibu na Isinya, nao walikuwa wamezifunga kwa waya wa chuma.

"Walikaza kana kwamba utatoroka nazo!"

"Usikate, dada! Wakinikuta bila shanga zao, sitapewa chai tena."

Hakukata. Alifungua ule waya wa chuma, akasogeza shanga taratibu. Chini yake waya mwembamba wa breki ulikuwa umebanwa hadi ukakatika. Akaulehemu, akaufunika kwa utepe, akazirudisha shanga zikiwa zimelegea. Breki ya kulia ikawasha taa, kisha injini. Nilitafuta kosa la kumkemea, nikalikosa.

Jua lilikuwa limeelemea magharibi tulipofika nyumbani. Nanyokie alikuwa bado anasimama tuli wenzake wakimpanda, ishara kwamba joto halijapoa.

"Tumewahi, Mzee!" Katee alipaza sauti, akivaa glavu yake ndefu.

Kazi ilipokwisha, nilimpigia Resian simu, nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyo desturi yangu.

"Amehudumiwa! Akizaa jike, ni wako. Nimelitamka mbele ya boma lote."

"Na akizaa dume, Babu?"

"Dume ni wangu. Usiwe na tamaa."