Mwenye Kuita

...kwa hiyo reli haikuinuka, mitaimbo imechomekwa chini yake, migongo imeinama, taruma jipya la kulalia reli linangoja kusukumwa mahali pake, na Muasya, nyapara wa gengi, amehesabu moja, mbili, tatu kama mwalimu wa chekechea, kila mtu akavuta na tatu yake, chuma kikacheza kidogo kikarudi palepale, "Mzee, nijaribu kuita mimi?" huyo ni Kituku, na Muasya amemjibu ngoja, ngoja kidogo, lakini angoje nini, Ogutu walishamzika Jumamosi kwao Ugenya, presha ilimwangusha mlangoni pake Kaloleni akiwa na sabuni mkononi, mwenye mtu ni Mungu, hilo Muasya analiamini, alilisema kaburini bila kutetemeka, shida si imani, shida ni chuma, chuma hakipandi bila wimbo, mmoja anaita, wengine wanaitika, na kwenye kuitika ndipo wanapovuta, na mwenye kuita alikuwa Ogutu... jana Muasya akaona heri wimbo wa kanisani, akaanzisha ule wa mazishi, wakauimba vizuri, kwa machozi, kumbe wimbo wa mazishi hauna mahali pa kuvuta, huyu akavuta kwenye neno hili, yule kwenye lile, reli ikashuka kwa kishindo, ikaukosa mguu wa Mbinya kidogo tu, "Nyapara, wataka kunizika na mimi, hata wali wa matanga haujashuka tumboni?" wakacheka, kisha wakaona haya... Ogutu asingeona haya, alimwita Muasya Pasta, na Muasya ni shemasi tu, akamtia mpaka kwenye wimbo, Pasta kala sadaka, eeh, tumbo limeumuka, eeh, reli ikapanda watu wakicheka, naye anatazama upande wa vilima vya Sagalla kama hajasikia, "Nyapara, mikono yaungua!" ni Mbinya tena, jua limeshapasha chuma, ngoja, amesema tena ngoja, ni heshima, ndivyo alivyowaambia asubuhi baada ya sala, nafasi ya marehemu haikaliwi haraka, wakaitika amina, lakini ni heshima gani hii ya kuponda miguu ya walio hai, Ee Baba, Wewe wajua, Kituku ana sauti nzuri, akiita leo na kesho na wiki ijayo, ile sauti nyingine itaanza kufifia masikioni, itafika siku atafute jinsi Ogutu alivyosema Pasta na asiipate, hilo ndilo, si heshima, ni woga, amewashikisha watu chuma cha moto ili yeye asisahau, na kana kwamba kafiwa peke yake, Mbinya aliyekuwa akila na marehemu sahani moja mbona hakumwomba mtu angoje... Kituku bado amegeuza shingo anamtazama, hajaachia mtaimbo, hakuna aliyeachia, Muasya anamsogelea, atamwambia aite, akifika tu atamwambia, aite anavyojua, na akikosea maneno asimsahihishe mtu, hata yeye asimsahihishe...