Tarumbeta ya Mdomo

Bendi ya shule ile ya bweni ilikufa kwa adabu, kiungo kimoja kimoja, na kila kiungo kilirithiwa na mtu yule yule. Mpiga dramu alipofukuzwa kwa kumvalisha mbuzi tai ya mwalimu mkuu, mwalimu wa muziki alitazama huku na huku, kisha akamnyooshea kidole mvulana wa kinanda.

"Wewe. Shika fimbo."

Mpiga besi akaugua matubwitubwi. "Wewe. Shika besi." Mpiga tarumbeta akaacha meno yake ya mbele kwenye ukuta wa shule, alipokuwa akijaribu kutoroka. Safari hii mwalimu alinyoosha kidole tu. Ilipofika sherehe ya kuhitimu, mshereheshaji alitangaza kwa mbwembwe, "Karibuni bendi ya shule!" na akapanda jukwaani kijana mmoja, jasho likimtiririka, amebeba vyombo kama punda wa kuhama nyumba. Tangu siku hiyo akaitwa Bendi Nzima.

Jina lilimganda hata ukubwani. Nyumbani kwa mama yake aliteka chumba cha stoo na kukigeuza studio, akasimamisha magodoro ya wageni kuzunguka kuta ili sauti isitoroke. Wageni nao wakakoma kuja. Bosi mmoja wa studio kubwa ya mjini aliwahi kumwita akapige gitaa nyuma ya waimbaji wake, naye akakataa. Alitaka wimbo wa kwanza kutoka uwe wake kuanzia dramu mpaka jina, asiwepo wa kumshukuru ila Mungu na mama.

Kitu kimoja tu kilimshinda: kuimba. Akiimba, hata mbwa wa jirani walikimbia. Sauti ilikuwa ya mdogo wake wa kike, na sauti ile, tuseme kweli, ingeweza kumtoa nyoka pangoni na kumwombea msamaha.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu. Kwanza Bendi Nzima alirekodi kile alichokiita mifupa: kila chombo mara moja, haraka haraka, ili mwimbaji apate pa kuegemea. Kisha mifupa hutupwa, na kila chombo hupigwa upya mpaka kikae sawa. Kwa wimbo huu tarumbeta ilikuwa kwa fundi, vitufe vimekwama, kwa hiyo mahali pake aliweka mdomo: pa-pa-paa, pa-pa-paa, kama mtoto anayeendesha gari la makopo.

Mdogo mtu aliimba juu ya mifupa ile siku moja, akamaliza. Kaka mtu akaanza kurudia gitaa. Akalirudia. Mvua zikaja, zikaondoka, yeye bado yuko kwenye gitaa.

"Kaka, wimbo huu utatoka nikiwa bibi."

"Mdogo wangu, haraka haina baraka."

"Na kuchelewa je, kuna nini?"

Kaka mtu aliinamia gitaa. Alikuwa akibadilisha nyuzi.

Asubuhi moja alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, redio ikiimba kwenye rafu kati ya chupa za spiriti. Akasikia besi anayoijua. Akasikia sauti anayoijua zaidi. Kisha ikaja: pa-pa-paa.

"Huo sasa!" kinyozi akaongeza sauti. "Wanangu wanaimba huo mpaka chakula kinapoa. Tulia bwana, nitakukata sikio."

Mtangazaji akamsifu mwimbaji kwa jina lake lote, kisha akamsifu Bosi wa studio, "fundi aliyeutengeneza wimbo huu kwa mikono yake mwenyewe." Bendi Nzima alisimama, shuka la kinyozi likiwa bado shingoni, akatoka.

Mdogo wake alikuwa sebuleni akipiga pasi gauni jipya.

"Kaka! Nusu ya nywele umeiacha wapi?"

"Na wewe nusu ya wimbo umeiacha wapi?"

Pasi ikasimama hewani. "Nilitaka kukuambia."

"Lini? Kwenye mazishi yangu, wakisoma wasifu?"

"Ningekuomba, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi! Bosi aliusikia kwenye simu yangu, akasema unatoka hivi hivi, usiguswe. Na watu wanaupenda, kaka. Wanaupenda mno."

"Umetoa mifupa! Besi imechelewa pale kati, na tarumbeta ni mdomo wangu!" Lakini lile neno *mno* lilishapenya, na kwa kitambo kifupi cha aibu Bendi Nzima alifurahi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Alipokuuliza nani kapiga vyombo, ulisemaje?"

Binti akaigeukia kola ya gauni. "Nilisema mashine."

"Mashine."

"Kompyuta. Ningemwambia ni mtu mmoja, angekutafuta, nawe ungezuia kila kitu."

Bendi Nzima alitazama vidole vyake. Sugu zote zilikuwapo, kila moja na chombo chake. "Na ule mdomo? Nao ni mashine?"

"Nilisema ni wa fundi bomba aliyekuwa akipita."

Hapo mtu wa mbali angecheka. Bendi Nzima hakucheka. Mdogo wake akaweka pasi chini, akasogea. "Sasa, Jumamosi kuna onyesho. Bosi kajaribu watu wengi, hakuna anayeweza ile pa-pa-paa. Anamtaka yule fundi bomba. Nikafikiri, ukisimama nyuma ya pazia tu..."

Mama, aliyesikia yote kutoka jikoni, akachungulia. "Msaidie mwenzio, mwanangu. Ninyi ni damu moja. Kwani kuna ubaya gani?"

"Mama, ulijua?"

Mama akakumbuka kwamba kuna sufuria motoni.

"Mwambie Bosi," alisema Bendi Nzima, "yule fundi hapiti tena njia hii."

"Kaka, wataniona mwongo!"

Aliingia stoo, akafunga mlango, akaufungua wimbo kwenye kompyuta. Mdogo wake aligonga, akaomba, akalia, kisha akarudi kwenye gauni lake. Ndani, Bendi Nzima alianza kuifuta sauti ya mdogo wake, mstari baada ya mstari, kutoka mwisho kurudi nyuma. Alipofika mwanzo kabisa, alikuta mahali anapovuta pumzi kabla ya neno la kwanza, pumzi ndogo ya mtu anayemwamini aliye nyuma yake. Alikaa na kidole juu ya kitufe.

Alifuta maneno yote. Pumzi akaiacha.