Kilichoandikwa

...na hii ngumi aishushe basi, mkono unakufa ganzi, ila mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi hajasema shusheni, kasema "Mshikamano!", ukumbi ukajibu "Daima!", na sasa wafua shuka wote wamesimama mikono juu kama wanafunzi waliopewa adhabu, fulana za sikukuu zinabana makwapa, mwenyekiti yeye kavaa suti, tumbo limetangulia, mkanda unaomba poo, mtu ambaye tangu tumchague hajagusa shuka lenye maji, "Ndugu zangu, kidole kimoja hakivunji chawa!" anasema, na wanashangilia, Mungu wangu, methali zote zilizojaa duniani kaona hiyo, na yeye mwenye ngumi, wifi yake yupo hapa hapa ubavuni, mkono wa kulia kauficha chini ya mkoba... ile siku kizuizi cha kukinga mikono cha mashine ya kunyooshea shuka kilikuwa kimetolewa, meneja alisema kinachelewesha kazi, shuka likavuta, mkono ukafuata, vidole vitatu, na shuka wakalirudisha kufuliwa, eti doa, wifi wakamrudisha nyumbani, na sasa kwenye mashine ile kawekwa yeye badala ya wifi, kizuizi bado kinalala stoo... "Tunamshukuru sana mgeni wetu rasmi," na mgeni rasmi ni nani kama si meneja yule yule, kakaa mbele anakunywa maji ya chupa, sikukuu ya wafanyakazi mgeni ni bosi, sherehe ya panya anaalikwa paka, na yeye ndiye atakayemsomea risala, ameikunja kwenye mkono wa kushoto, aliandika mwenyewe, mashine imemkata mwenzetu vidole, kizuizi kirudishwe, naye arudishwe kazini, mwenyekiti akatoa kalamu, "Dada, maneno makali hayo, weka changamoto, mgeni ana presha," changamoto! maji yakikatika changamoto, choo kikiziba changamoto, leo na vidole vya mtu ni changamoto, naye akakubali, afanyeje, ana watoto watatu na mume anayetafuta kazi akiwa kitandani, atasoma changamoto, watapiga makofi, watakunywa soda, basi... "Wifi, nyoosha na wewe, wanatuangalia," anamnong'oneza, na wifi bila hata kugeuka, "Ninyooshe nini? Kimebaki cha kuombea ruhusa ya kwenda msalani," halafu anacheka, mabega yanatikisika, na yeye anacheka pia, mpaka lile neno linamrudia, mshikamano, kushikana, sasa huyu ashikane na watu kwa lipi, na mimi kesho kutwa nitashikana kwa lipi... katibu anainama nyuma yake, pumzi ya karanga, "Dada, unafuata wewe. Usome kilichoandikwa, usiongeze la kwako," "Nitasoma kilichoandikwa, kaka," anajibu, kwa adabu zote, na anaifungua risala kwa kidole gumba, hiyo hapo changamoto, imebanwa juu kwa mwandiko wa mwenyekiti, na maneno ya kwanza chini yake kayapitishia mstari mmoja tu, mwembamba, mvivu hata wa kufuta, mashine inasomeka, mwenzetu inasomeka, vidole inasomeka vizuri kabisa, hakuna atakaloongeza, wakimfukuza wamfukuze akiwa na vyote kumi, "Mshikamano!" anapiga kelele mwenyekiti, tena, kama muuza dawa ya panya, na yeye hapa ngumi yake bado iko juu pale pale, ila ganzi imeisha, anavihisi, kimoja kimoja.