Anavyotembea Mwanamke wa Namna Ile

Sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya ilipokaribia, katekista Theodory alitangaza kwamba mwaka huu wataigiza yule mwanamke mdhambi aliyemwosha Yesu miguu kwa machozi. Nani atamwigiza? Wanawake wa mtaa wetu wa Chanji wakainama kutazama kanga zao kana kwamba ndiyo kwanza wanazinunua.

"Mpeni Silvana," akasema mwenyekiti, mama Kristiana. "Kitanda usichokilalia utajuaje kunguni wake?"

Watu wakacheka, na Silvana akacheka nao. Hakuna aliyekuwa hajui. Miaka sita alipanga chumba nyuma ya gesti moja, akiishi kwa wanaume. Alishaacha. Sasa anauza vitumbua, na jumuiya hakosi. Asiyejua alikuwa mmoja tu, binti yake Luciana, wa miaka kumi na mmoja, aliyelelewa na bibi yake kule kijijini Muze na kuletwa mjini mwezi wa kwanza aanze darasa la tano.

"Nitaigiza," Silvana akasema.

Alikuwa na lake moyoni. Mji una midomo. Leo au kesho mtoto angeambiwa bombani, tena kwa tusi. Bora aone kwanza kwa mama yake mwanamke wa namna ile alikuwaje hasa. Wakirudi nyumbani atamkalisha, amwambie: yule ni mimi.

Siku ya mazoezi kanisani, watoto wakiwa shule, Silvana alikuja na kigoda na ungo wa maharage. Akakaa, akachambua. Flavian, mzee muuza mbolea aliyepewa kuigiza mteja, akaingia akipepesuka. Silvana akainuka, akafuta mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba. Karibu."

Kanisa zima likaangua kicheko.

"We Silvana! Malaya gani anamwamkia mteja?"

"Huyo anampokea mkwe!"

"Mrembulie macho, dada! Kiuno umekiacha wapi?"

Silvana akangoja wamalize.

"Ndivyo tulivyokuwa," akasema. "Mtu mzima utaachaje kumwamkia? Na maharage tulichambua, maana kuna siku unakaa mlangoni tangu asubuhi na hapiti mtu, na mtoto kule kwa bibi anataka kula. Kukata kiuno ni kwa aliyeshiba."

Flavian akatazama viatu vyake, na hakuwa peke yake. Theodory akakohoa.

"Mama Luciana, tumekuelewa. Ila watu wakiona hivyo hawatajua kama huyu ni mdhambi. Watadhani ni mama wa nyumbani tu."

"Ndiyo," akasema Silvana.

"Sasa itakuwaje? Haiwezekani."

Nafasi akapewa Jenifer, binti wa mama Kristiana, mwimba kwaya ambaye hata mkono hajawahi kushikwa na mwanaume. Silvana akawekwa kwenye umati wa kunyoosha vidole. Hakukataa. Angekataa, wangeuliza kwa nini, na mtoto angesikia.

Sikukuu ikafika. Jenifer aliingia midomo myekundu, anatafuna bazoka, kiuno kinakwenda huku na yeye anakwenda kule. Watu wakapiga vigelegele. Luciana, aliyekaa mbele na watoto wenzake, alicheka mpaka akalala juu ya jirani yake. Silvana alikuwa amenyoosha kidole kama alivyofundishwa. Hakumwona Jenifer akilia miguuni pa Yesu, macho yake yalikuwa kwa mtoto.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, upepo wa baridi ukiwapiga usoni, Luciana akatangulia mbele. Akashika kiuno, akabinua midomo, akaanza kutembea vile vile.

"Mama, nione! Si ndivyo wanavyotembea malaya?"

Silvana akafungua mdomo. Maneno aliyoyapanga wiki tatu yalikuwepo yote, hakuna hata moja lililopotea. Lakini akimwambia sasa "yule ni mimi," mtoto atamwona nani? Atamwona Jenifer na bazoka lake.

Luciana alikuwa amesimama, anacheka, anamngoja naye acheke.

"Ndivyo," akasema Silvana.

"Wabaya, eh?"

"Wabaya, mwanangu."

Mtoto akaridhika, akarudi, akamshika mama yake mkono.