Nishani ya Mgongoni

Jumatatu saa nne asubuhi, Meja mstaafu aliingia dukani kwa fundi cherehani, akavua koti lake la kijeshi na kulitandaza mezani. Nishani yake ya ushujaa ilikuwa imehama tena. Ilining'inia mgongoni, katikati ya mabega.

"Mara ya tatu mwezi huu," alisema. "Unashonea uzi gani, shemeji?"

"Uzi wa viatu, afande. Uzi hauna kosa."

Kwa miaka thelathini Meja alizunguka mashuleni akisimulia jinsi alivyokilinda kilima peke yake siku mbili. Siku hizi, akifika pale pa "sikurudi nyuma hata hatua moja", nishani hushuka kifuani, hupenya chini ya kwapa na kutulia mgongoni, upande ambao adui aliuona siku ile. Wanafunzi huitazama kidogo, kisha huendelea kuandika. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi; ya Meja ilitiwa lami.

Aliyekilinda kilima ni sajini wake, mume wa fundi. Meja alikuwa ametimua mbio, mguu niponye, mapema, na kwa kuwa ndiye aliyefika kambini, ndiye aliyeandika ripoti. Sajini hakurudi kubisha. Jina lake likaandikwa kwenye ubao wa watoro, langoni mwa kambi.

Fundi alikata uzi kwa meno. "Afande, nishani imeshasema. Kalifute jina lake. Sitaki kufa nikiitwa mke wa mtoro."

Meja alimtazama kwa ile huruma ya bure wanayogawa wenye vyeo. "Ripoti ikishafungwa imefungwa, shemeji. Wewe shona tu."

Wakubwa wa jeshi walikaa vikao vitatu, wakapata dawa: kuanzia sasa, nishani zote za ushujaa zitavaliwa mgongoni. Makoti mia mbili yaliletwa kwa fundi. Aliyashona yote, kwa mshono ulionyooka kama kawaida yake, akiwalaani wenye makoti mmoja mmoja.

Siku ya gwaride Meja alipanda jukwaani, akawapa watu mgongo ili wamwone vizuri. Bendi ikapiga. Mgeni rasmi akakipigia saluti kisogo chake.

Fundi alisimama langoni, kando ya ubao. Kwa heshima ya sherehe, majina ya watoro yalikuwa yamepakwa rangi upya. La mumewe, kwa kuwa ndilo la kwanza, lilipakwa mara mbili.