Neno la Watu wa Angani

Mume wangu Beatus alikuwa akitafsiri mikanda ya video kwa mdomo, papo hapo, amesimama kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi. Mzungu akitukana kwa Kiingereza, Beatus alitukana kwa Kiswahili na kuongeza la kwake. Watu wa mtaa wetu, Viwanja Sitini, walimpenda kwa hilo. Mwenyekiti wetu wa mtaa, mzee Hermenegildi, hakupendezwa, na mwaka ule wa tisini na sita akatuonya: tusi moja tena, anafunga banda letu la video.

Banda lenyewe ni langu, nimelijenga kwa mpunga niliolima mwenyewe. Nilimwambia Beatus ulimi wake utatulaza njaa.

Basi ukaja mkanda kwa treni kutoka Dar, tamthilia ya watu wanaoishi ndani ya chombo angani. Walikuwa na hasira kuliko madereva wa trekta, lakini matusi hawakuwa nayo. Kila lilipowafika la kuwafika walisema "zubrika". Injini ikizima, zubrika. Adui akitokea, zubrika wewe na ukoo wako. Beatus alilitafuta kwenye kamusi, halimo. Waliotunga tamthilia walilibuni ili watoto watazame pamoja na wazazi wao. Nilifurahi kupita kiasi. Tusi lisilo tusi, nani atatushitaki? Beatus akaliacha lilivyo.

Haukupita muda, mji mzima ukalidaka. Baiskeli ikipata pancha, zubrika. Ugali ukiungua, zubrika. Mjukuu wa mwenyekiti alimwagikiwa na uji akalitamka mbele ya bibi yake. Jioni hiyohiyo mzee akaja bandani, akakaa benchi la mbele, akatazama mpaka nahodha aliponing'inia nje ya chombo kwa mkono mmoja. Hapo akasimama.

"Beatus, hilo neno maana yake nini?"

"Halina maana, mwenyekiti. Wamelibuni tu."

"Kama halina maana, mbona anayeambiwa anakasirika?"

Beatus, mtu wa maneno, akashusha kipaza sauti. Mzee akatutoa wote nje, akafunga mlango kwa kufuli lake na kuondoka na ufunguo. Nililia, sikatai. Kilichoniuma zaidi ni kwamba swali lake lilikuwa zuri.

Mpunga ulipoanza kukomaa tukaenda shambani Namawala kuamia ndege. Kuamia ni kukaa juu ya dungu, kichanja kirefu cha miti, tangu alfajiri, ukipiga debe na kelele ili kwelea wasishuke kwenye mpunga. Na huku kwetu ndege hutukanwa. Hata mama wa kupokea komunyo kila Jumapili, akipanda dunguni huwaambia ndege mambo ambayo hatayaungama, maana matusi ya dunguni hayahesabiwi. Mzee Hermenegildi, ambaye shamba lake limepakana na letu, ndiye pekee aliyesema "swaa, swaa" kwa adabu, na ndege walimlia mpunga wake kila mwaka.

Asubuhi moja nikipita mpakani nikasikia sauti kutoka dunguni kwake.

"Zubrika nyie! Zubrika na ukoo wenu!"

Kundi zima likainuka. Sauti ile ilikuwa na raha ya mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi. Ningeweza kupita kimyakimya. Nikaenda kusimama chini ya dungu.

"Shikamoo, mwenyekiti."

Debe likanyamaza. "Marahaba, mama Alex."

"Ndege wanasumbua?"

"Walikuwa wanasumbua."

Bado nilikuwa na hasira naye, na kicheko kilikuwa kimenijaa mdomoni, lakini kumcheka mzee wa watu hakungenirudishia banda. Nikangoja. Mwishowe akachomoa ufunguo mmoja kwenye funguo zake, akaudondosha matopeni karibu na miguu yangu.

"Fungueni Jumamosi. Matusi ya Kiswahili yabaki nje."

"Yatabaki, mzee."

Nilikuwa nimeshageuka aliponiita tena, kwa sauti ya chini.

"Yule nahodha aliyening'inia. Alipona?"

"Njoo Jumamosi ujionee."

Akalisema lile neno taratibu, na safari hii hapakuwa na ndege hata mmoja wa kuambiwa.